Nivunje mkataba wa gari la kukodi ninunue BMW iliyotumika? Jibu kwa msomaji wa Dallas

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Dallas, Texas, na kwetu ni Nakuru. Miezi 20 iliyopita nilichukua Honda CR-V ya 2024 kwa mkataba wa kukodi wa miezi 36. Ninalipa dola 512.80 kwa mwezi na ninaruhusiwa maili 12,000 kwa mwaka. Tangu nianze kufanya kazi katika hospitali mbili, gari limeshatembea maili 31,000, na kila maili ya ziada nitatozwa senti 20. Sasa kuna yadi inayoniuzia BMW 530i ya 2020, yenye maili 62,000, kwa dola 25,900. Wamekadiria Honda yangu kwa dola 24,900, ilhali kampuni ya ukodishaji inadai dola 27,700 ili kufunga mkataba. Wanasema watalimaliza deni hilo wao, nami nilipe dola 568 kwa mwezi kwa miezi 72, yaani dola 55 tu zaidi ya ninazolipa sasa. Je, nivunje mkataba? Natarajia kurudi Kenya baada ya miaka mitano hivi na ningependa kwenda na gari.

Jibu: Dada, nashukuru kwa kunitumia nakala ya mkataba pamoja na karatasi ya yadi, kwa maana bila karatasi hizo mbili ningekuwa ninabahatisha. Kwa masharti uliyoandikiwa, ushauri wangu ni kwamba usivunje mkataba, na sababu kuu wala si BMW yenyewe. Yadi imechukua maamuzi mawili yasiyo na uhusiano, yaani namna ya kutoka kwenye mkataba wa Honda na gari gani ununue baada ya hapo, ikayafungasha pamoja ndani ya tarakimu moja ya malipo ya mwezi. Ukiitazama tarakimu hiyo peke yake, huwezi kuona ni wapi fedha zako zinakopotelea. Nitayatenganisha maamuzi hayo, kisha utaona kwamba hofu iliyokusukuma kwenye yadi, yaani hofu ya maili, ina dawa nyepesi kuliko uliyouziwa.

Tuanze na Honda. Katika ukodishaji wa muda mrefu wa Kimarekani hulipii gari zima, bali unalipia thamani inayotarajiwa kupotea katika muda wa mkataba, pamoja na gharama ya fedha ambazo kampuni imezifunga ndani ya gari hilo. Mkataba wako unaonyesha kwamba gari liliingizwa kwa dola 35,400, kodi na ada zikiwa ndani yake, na kwamba thamani baki, yaani bei ambayo kampuni ilikubali tangu siku ya kwanza kuwa gari litabaki nayo mwezi wa 36, ni dola 21,000. Tofauti ya dola 14,400 ukiigawa kwa 36 unapata dola 400 kwa mwezi, na zile dola 112.80 zinazobaki ndizo gharama ya fedha. Sheria ya Marekani hailazimishi kampuni kukuandikia riba ya mkataba wa aina hii kwa asilimia, na ndiyo maana hukuiona popote, lakini inatafutika. Gawanya 112.80 kwa jumla ya 35,400 na 21,000, utapata 0.002; kisha zidisha kwa 2,400, kama wafanyavyo watu wa biashara hii, nawe utapata asilimia 4.8. Kwa miezi 16 ijayo unatumia fedha za watu kwa riba ya asilimia 4.8, na karatasi ya yadi inaonyesha kwamba mkopo wa BMW ni wa asilimia 10.

Gari jipya hushuka thamani kwa kasi zaidi mwanzoni, ilhali malipo yako hayabadiliki mwezi hadi mwezi, kwa hiyo katikati ya mkataba deni huwa kubwa kuliko bei ya gari sokoni. Hiyo si hila ya kampuni yako, ni namna mikataba hii ilivyoundwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 inayosimamia ukodishaji wa magari kwa matumizi binafsi, pamoja na kanuni inayoitekeleza, ambayo huitwa Kanuni M, inataka kila mkataba uwe na onyo kwamba kuuvunja mapema kunaweza kugharimu hadi dola elfu kadhaa, na kwamba kadiri unavyouvunja mapema ndivyo gharama inavyoelekea kuwa kubwa. Wengi hutia saini chini ya onyo hilo bila kulisoma. Nimepiga hesabu ya deni lako upya kwa riba niliyoieleza hapo juu nikapata karibu dola 27,650, kwa hiyo dola 27,700 ulizotajiwa ni hesabu ya haki na hakuna adhabu iliyofichwa ndani yake. Pengo la dola 2,800 kati yake na bei ya yadi ni deni halisi.

Yadi inaposema kwamba italimaliza deni, inasema kweli nusu tu. Itapeleka dola 27,700 kwa kampuni ya ukodishaji, na zile 2,800 zinazozidi bei waliyokupa zitaongezwa kwenye mkopo wa BMW. Karatasi yao yenyewe inaonyesha hivyo: dola 25,900 za gari, dola 2,800 za pengo, kodi ya jimbo la Texas ya asilimia 6.25 ambayo ni dola 1,618.75, na ada za karatasi dola 350, jumla dola 30,668.75. Kwa riba ya asilimia 10 na miezi 72 ndipo zinapopatikana zile dola 568. Ukifika mwisho utakuwa umelipa karibu dola 40,900, na lile pengo la 2,800, likiwa limepanda riba kwa miaka sita, litakuwa limekugharimu kama dola 3,735. Utakuwa unalipia Honda usiyonayo hadi mwaka wa sita.

Hizo dola 55 za tofauti nazo zinapotosha kwa namna nyingine. Honda imebakiza malipo 16, na BMW ingekuwa na malipo 72. Chukua miezi 16 hiyo hiyo uyalinganishe magari mawili katika kipindi kimoja. Mwishoni mwake, ukibaki na Honda, utakuwa umelipa dola 8,204.80, hudaiwi kitu, na una haki ya kuinunua kwa dola 21,000. Ukiwa na BMW utakuwa umelipa karibu dola 9,090, bado unadaiwa kama dola 25,340, na kwa mwendo wako wa maili 1,550 kwa mwezi gari hilo litakuwa limefika karibu maili 87,000. Sijui mnunuzi yeyote atakayetoa dola 25,000 kwa 530i ya 2020 yenye maili hizo. Yaani utakuwa umerudi palepale ulipo leo, kwenye gari lenye deni kubwa kuliko bei yake, isipokuwa safari hii pengo litakuwa kubwa zaidi, na hakutakuwa na thamani baki iliyoandikwa na mtu mwingine ya kukukinga.

Sasa maili, kwa sababu naona ndizo zinazokunyima usingizi. Ukiendelea kwa mwendo huu hadi mwezi wa 36, gari litakuwa na maili 55,800, nawe umeruhusiwa 36,000. Zinazozidi ni 19,800, na kwa senti 20 kila moja ni dola 3,960. Ongeza ada ya kukabidhi gari ambayo mkataba wako umeiweka dola 395, na jumla inakuwa dola 4,355. Ni fedha nyingi, na ninaelewa kwa nini mtu angetaka kuzikimbia. Lakini soma kifungu kinachozungumzia maili kwa makini: tozo hiyo hutozwa pale tu unaporudisha gari. Ukilinunua mwishoni mwa mkataba kwa bei ya thamani baki, hakuna anayehesabu maili, hakuna anayekagua mikwaruzo ya milango, na ada ya kukabidhi haipo. Bei ni ile ile dola 21,000, liwe limetembea maili 30,000 au 90,000.

Texas itakutoza kodi ya asilimia 6.25 kwenye ununuzi huo, japo kodi ilishalipwa gari lilipoingia kwenye mkataba. Jimbo huhesabu kuwa ni mauzo mawili tofauti, na watu wengi hushtuka siku ya kwenda kubadilisha hati ya umiliki. Hiyo ni dola 1,312.50, kwa hiyo gari litakusimamia dola 22,312.50. Kwa kuwa kulirudisha kunagharimu dola 4,355, kulinunua kuna faida iwapo tu bei yake sokoni wakati huo itakuwa juu ya dola 18,000 hivi. CR-V ya miaka mitatu yenye maili 55,000, isiyo na historia ya ajali, kwa hali ya soko ninayoiona ni vigumu ishuke chini ya hapo. Na hata kama huipendi tena, unaweza kuipeleka kwa muuzaji rasmi wa Honda mwezi huo akainunua moja kwa moja kutoka kwa kampuni, nawe usiguse kodi wala tozo ya maili. Bei atakayokupa ikiwa chini ya 21,000, utajaza tofauti, ambayo huenda ikawa ndogo sana kuliko hizo 4,355.

Mkopo wa kuinunulia usiutafute kwa muuzaji. Wauguzi wengi wa hospitali kubwa wana haki ya kujiunga na chama cha akiba na mikopo, kinachoendeshwa kwa misingi ile ile ya SACCO za kwetu, na vyama hivyo kwa kawaida hutoza riba ndogo kuliko ile ambayo yadi hukupatia kwa kukuunganisha na benki yake, kwa kuwa yadi mara nyingi huongeza kiasi juu ya riba ya benki na kubaki nacho kama faida yake. Ukipata asilimia 7.5, kwa mfano, mkopo wa dola 22,400 wa miezi 60 utakuwa dola 449 kwa mwezi, pungufu ya unazolipa leo, na gari linakuwa lako.

Huenda ukauliza kwa nini basi usiinunue leo hii kwa dola 27,700 na kuyamaliza mambo. Kwa sababu utalipa kodi juu ya bei kubwa zaidi, na utabadilisha fedha za asilimia 4.8 kwa fedha za asilimia 7 au 8. Kuharakisha kunakuokolea karibu dola 1,550 za gharama ya fedha zilizobaki kwenye mkataba, lakini mkopo mpya utazila zote na zaidi. Miezi 16 ya kusubiri ndiyo sehemu nafuu kuliko zote katika jambo hili. Wakati huo piga simu kwenye kampuni uulize kama wanauza maili za nyongeza kabla ya mkataba kwisha, kwani baadhi huziuza kwa bei ya chini kuliko senti utakazotozwa mwishoni. Usizinunue, lakini uijue bei, ili uwe na njia ya pili endapo gari litapata ajali kubwa na hutaki tena kulinunua.

Nimesema kwamba BMW si sababu kuu, na sitaki udhani ninaidharau. 530i ya kizazi hicho, kilichoanza kuuzwa kwa toleo la 2017, ni saluni nzuri sana barabarani, na injini yake ya lita mbili yenye tabo imeonyesha uimara kuliko ile iliyoitangulia, ambayo iliwaliza wengi kwa matatizo ya mnyororo wa ndani ya injini. Bei yake ni ndogo kwa sababu saluni za kifahari za Kijerumani hushuka thamani haraka: gari lililouzwa jipya kwa zaidi ya dola 53,000 leo unalipata kwa nusu ya bei hiyo. Bei ya vipuri na ya fundi, hata hivyo, haikushuka nayo. Unanunua gari la dola 25,900 lenye gharama za matunzo za gari la dola 53,000, na gari hilo limeshatoka nje ya dhamana ya kiwandani ya miaka minne au maili 50,000.

Kwa mwendo wako wa maili 18,600 kwa mwaka hilo ni jambo zito. Kwa dereva wa maili 8,000 ningeweza kuandika jibu jingine kabisa. BMW inapendekeza oili ya injini ibadilishwe kila maili 10,000 au kila mwaka, maana yake wewe ungekwenda karibu mara mbili kwa mwaka. Kiwanda hudai kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari, lakini ZF, kampuni ya Kijerumani inayoitengeneza giaboksi hiyo ya gia nane, yenyewe inapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, yaani maili 50,000 hadi 75,000, ambamo gari hili lipo sasa. Muulize muuzaji kama imebadilishwa. Atakachojibu kitakueleza mengi kuhusu mwenye gari wa kwanza. Matairi yake kwa kawaida ni ya aina inayoweza kutembea bila upepo, ni ghali kuliko ya kawaida, na ndani ya buti hakuna tairi la akiba. Mipira na plastiki za mfumo wa kupoza injini pamoja na gasketi za oili huanza kuvuja kadiri maili zinavyosonga, na hata betri ikibadilishwa inabidi kompyuta ya gari iarifiwe kwa kifaa maalumu. Kwa gari la namna hii lisilo na dhamana, mimi humwambia mtu atenge dola 2,000 kwa mwaka kando ya malipo ya mkopo, na kwa maili zako nisingeshuka chini ya hapo.

Mafuta nayo yana hesabu yake. BMW hii inataka petroli ya daraja la juu, na kwa vipimo vya shirika la mazingira la serikali, EPA, inatembea wastani wa maili 27 kwa galoni, ilhali CR-V inatumia ya kawaida na kwenda karibu maili 30. Tuseme ya kawaida ni dola 2.80 na ya juu ni dola 3.60: kwa mwaka mzima ungetumia karibu dola 2,480 badala ya 1,740. Hizo ni dola 740 ambazo hazimo katika zile 55 za mwezi, na ukizigawa kwa 12 unaona kwamba peke yake zinazidi tofauti uliyoambiwa. Kisha fikiria siku utakayolipa awamu ya 72: gari litakuwa limetembea zaidi ya maili 173,000. Kuna BMW zinazofika huko, lakini ni chache zinazofika bila kumgharimu mwenyewe bei ya gari jingine.

Kama unachotafuta ni utulivu baada ya zamu ya usiku, viti vizuri na kelele chache, basi gari ambalo ningelitazama wakati wake ukifika ni Lexus ES 300h ya 2020 au ya baadaye. Ni ya mfumo mseto wa petroli na umeme, hutumia petroli ya kawaida, na EPA iliipa wastani wa maili 44 kwa galoni, hivyo kwa mwendo wako mafuta yangekuwa kama dola 1,180 kwa mwaka, chini ya nusu ya yale ya BMW. Betri yake ya mfumo mseto, kwa magari ya toleo la 2020 na kuendelea, ina dhamana ya miaka 10 au maili 150,000, na dhamana hiyo hufuata gari hata likibadilisha mikono. Haina mwendo wa BMW kwenye kona, na bei yake huwa juu kidogo kwa sababu haishuki thamani haraka, lakini hicho unacholipa zaidi unakipata tena unapoiuza.

Iwapo baada ya haya yote bado moyo wako uko kwenye BMW, na mimi siwezi kukukataza kupenda, basi badilisha namna ya kuinunua. Uza Honda kwanza, kama jambo lake lenyewe. Bei ya 24,900 umeitafuta mahali pamoja tu, tena kwa mtu mwenye hamu ya kukuuzia kitu kingine. Omba bei kwa wauzaji rasmi watatu wa Honda na kwa kampuni kubwa zinazonunua magari kwa mtandao. Kabla ya hapo iulize kampuni ya ukodishaji kwa maandishi kama inaruhusu gari kuuzwa kwa yadi isiyo ya chapa yake, kwa sababu tangu 2021, bei za magari yaliyotumika zilipopanda, kampuni nyingi za fedha za watengenezaji zilianza kukataa, na nyingine humtajia mfanyabiashara hesabu kubwa kuliko unayotajiwa wewe. Yadi yako haikulitaja hilo. Kampuni ikikataa, ahadi ya kulimaliza deni haina msingi, na hadi deni litakapolipwa anayedaiwa ni wewe, hata kama funguo za Honda ziko mezani kwao.

Pengo likishuka hadi dola 1,000 na ukalilipa taslimu bila kulitia kwenye mkopo, pingamizi langu la kwanza linaisha. Njia nyingine ni kumhamishia mtu mkataba, kupitia tovuti kama Swapalease, endapo kampuni yako inakubali; ila gari lenye maili 31,000 kati ya 36,000 na miezi 16 mbele yake halitapata mtu bila wewe kumwongezea fedha, na kampuni nyingine hukubakisha kuwa mdhamini hadi mwisho. Usilirudishe tu gari kwa kampuni mapema na kuziacha funguo. Wataliuza kwa bei ya jumla mnadani, kisha wakudai tofauti pamoja na ada, na hapo pengo linaweza kupita 4,000. Ukijikuta huko kwa lazima, Kanuni M inakupa haki ya kudai tathmini ya mtu wa tatu mliyekubaliana, kwa gharama yako, na tathmini hiyo huwafunga wote wawili. Wanaojiunga na jeshi au kupokea amri ya kuhamishwa wana kinga yao katika sheria ya mwaka 2003 ya kuwalinda wanajeshi, lakini wewe haikuhusu.

Kwa upande wa BMW, tazama karatasi iliyobandikwa dirishani, ambayo sheria ya shirikisho inamlazimisha muuzaji wa magari yaliyotumika kuiweka. Ikisema linauzwa jinsi lilivyo, basi giaboksi ikifa kesho yake ni yako. Hakuna siku tatu za kughairi. Watu wengi huamini zipo, lakini kanuni hiyo ya shirikisho haihusu gari ulilonunua kwenye yadi ya muuzaji. Kwa hiyo mlipe fundi huru anayejua BMW dola 200 au 300 alikague kabla ya saini, na uingize namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, kuona kama kuna marekebisho ya bure ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Muuzaji akikataa gari litoke kwenda kwa fundi wako, liache.

Suala la Kenya ni fupi. BMW hiyo haiwezi kwenda nawe, kwa sababu ina usukani wa kushoto na Kenya haisajili magari ya namna hiyo isipokuwa ya kazi maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto, na pia gari linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka minane tangu kutengenezwa, ambayo gari la 2020 litakuwa limeivuka baada ya miaka yako mitano. Hata hivyo, Mamlaka ya Mapato ya Kenya ina utaratibu wa msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerejea kutoka nchi ya usukani wa kushoto: akiwa amemiliki na kutumia gari lake huko kwa angalau miezi 12 na akaliuza kabla ya kurudi, anaweza kuruhusiwa kuingiza la usukani wa kulia ambalo bei yake haizidi ya lile aliloliuza. Neno lenye uzito hapo ni kumiliki. Honda iliyo kwenye mkataba wa kukodi ni mali ya kampuni, hati yake ina jina la kampuni, na miezi uliyoiendesha haihesabiwi kuwa ya umiliki hadi utakapoinunua na hati kuandikwa jina lako. Ukiinunua mwezi wa 36, ungeanza kuihesabu miezi hiyo 12 kuanzia hapo, na hati pamoja na risiti ya ununuzi uzitunze kwa ajili ya siku ya kuomba msamaha huo.